Goti la Bibi Maeng na Mashine ya Jirani

Kwa miaka mingi kijiji cha Bamgol kiliendeshwa na goti la kulia la Bibi Maeng Kut-sun. Kila alfajiri mwenyekiti wa kijiji, Bwana Guk, alikohoa kwenye kipaza sauti cha ukumbini, akatangaza habari za mbolea na za mazishi, kisha akamalizia: "Na goti la Bibi Maeng linasema leo mvua hakuna. Anikeni." Hapo watu walitandaza pilipili zao nyekundu juu ya mapaa, kando ya barabara, popote jua lilipofika. Goti likiuma, yaani mvua inakuja, hakuna aliyetoa hata mkeka.

Bibi Maeng alikuwa mjane mfupi mwenye mdomo mrefu, na cheo hicho alikipenda kuliko alivyokubali. Ndiyo maana, daktari wa mjini alipomdunga sindano na maumivu ya goti yakatoweka kama moshi, hakumwambia mtu. Aliendelea kuchechemea. Alfajiri alichungulia mawingu mlimani, akabahatisha, akampigia simu mwenyekiti. Mara nyingi alipatia, na akikosea alisema goti lilikuwa limelala vibaya.

Ndipo jirani yake wa ukuta mmoja, Mzee Pyo Sang-deok, fundi saa mstaafu, alipoletewa na binti yake kituo cha hali ya hewa ndani ya boksi. Alisimamisha bomba uani, karibu na mitungi yake ya mchuzi wa soya. Juu akafunga vikombe vitatu vya kuzungushwa na upepo, na pembeni ndoo ndogo ya kupokea mvua.

"Mzee Pyo, unachimba kisima kuelekea juu?" Bibi Maeng aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Ni ya kupima hewa, bibi. Joto, unyevu, upepo. Na likidondoka tone la mvua hapa, simu yangu inalia hata nikiwa kule ukumbini."

"Mimi mvua ikinyesha najua bila simu. Nalowa."

Alicheka, lakini kesho yake kipaza sauti kilisema: "Goti la Bibi Maeng linasema jua. Mashine ya Mzee Pyo nayo inasema jua." Lile neno *nayo* lilimchoma. Siku iliyofuata mashine ikatajwa kwanza, goti likaja nyuma kama mkia wa ng'ombe.

Mchana ule, chini ya ukuta, aligeuza beseni lake la kuchachushia kimchi, ile kabichi ya pilipili, akapanda juu yake, na kwa upawa wa mpini mrefu akamimina maji ndani ya ile ndoo ndogo. Goti la mgonjwa lisingeweza kupanda hivyo, lakini nani alikuwa anatazama?

Chini ukumbini, simu ya Mzee Pyo ililia. "Mvua!" alipiga kelele. Wazee wote wakatoka mbio kuanua pilipili. Jua likawatazama kwa jicho kavu.

Akarudia siku nyingine, kisha nyingine tena. "Mzee Pyo," wakawa wanamwambia, "mashine yako ina kibofu dhaifu, ipeleke kwa daktari." Mzee Pyo aliifungua, akaisafisha, akakuta kipande cha jani la kitunguu kimekwama kwenye ndoo. Alikinusa, akautazama ukuta, akakitia mfukoni.

Goti likarudishwa mbele.

Ikafika siku ya joto kali, la kuyeyusha kandambili. Bibi Maeng alikuwa ametangaza mvua hakuna. Mzee Pyo alijaribu kusema kwamba mashine inaona mgandamizo wa hewa unashuka, dalili ya mvua, lakini mwenyekiti akamwambia akatibu kwanza kibofu cha mashine. Kijiji kizima kilianika, kisha kikajifungia ukumbini kwenye kiyoyozi, madirisha yote yamefungwa, wanakula tikiti maji na kucheza karata za maua. Bibi Maeng alikuwa anashinda.

Simu ya Mzee Pyo ikalia.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Imekojoa tena!" alisema Bwana Guk. "Cheza, bibi, zamu yako."

Bibi Maeng hakucheza. Alitazama upawa wake kwa macho ya moyoni: ulikuwa umening'inia jikoni kwake, na jikoni hakukuwa na mtu. Nyumba yake na ya Mzee Pyo zilikuwa za juu kabisa, mgongoni mwa mlima. Mvua ikivuka mlima, inaanzia kwao. Mzee Pyo hakuitazama simu. Alimtazama yeye.

Akinyamaza, goti litaendelea kuheshimiwa, na kimchi ya kijiji kizima itakosa pilipili.

"Tokeni!" alisema. "Hii ni mvua ya kweli."

"Goti limesema?"

"Goti halijui kitu! Zile za mwanzo nilimwaga mimi, kwa upawa. Leo mikono yangu hii hapa, imeshika karata. Sasa nani amemwaga? Mbona mnanikodolea macho? Pilipili zangu huko juu zimeshalowa, kimbieni mkaokoe zenu!"

Akatangulia yeye mwenyewe, akiruka ngazi za ukumbi mbili mbili. Walipofunga turubai la mwisho, matone manene yakaanza kupiga barabara.

"Bibi Maeng," alisema Bwana Guk, akihema, "kumbe unakimbia?"

"Ni hofu," alisema, akakumbuka kuchechemea. Mguu wa kushoto.

Pilipili zake zilizolowa ziliishia kwenye kikaushio cha umeme cha Mzee Pyo, ingawa Bibi Maeng ndiye aliyekuwa akisema pilipili ya umeme inanukia waya. "Usimwambie mtu," alimwonya.

"Kama nilivyonyamaza kuhusu kitunguu?"

Bibi Maeng akainama, akaanza kupanga pilipili ndani ya kikaushio, moja moja.

Jioni ile Mzee Pyo alikitoa mezani kioo cha kuonyesha vipimo vya mashine, akakiweka dirishani, tarakimu zikitazama nje, upande wa ukuta wa jirani. Alfajiri Bibi Maeng alipanda juu ya beseni, akakodoa macho, akashuka, akapiga simu.

"Mashine ya Mzee Pyo inasema kuna unyevu," kipaza sauti kikatangaza. "Na goti la Bibi Maeng, baada ya kufikiri, linakubaliana nayo."