Khanga Nyekundu Juu ya Bati

Ndege kubwa ikipita chini chini juu ya Kiwalani, bati hutetemeka, vikombe hugongana kabatini, halafu hubaki kaharufu ka mafuta yaliyoungua. Wageni huziba masikio. Sie wenyeji hukatisha maneno tu, tukamalizia ikishapita. Kaharufu hako ndiko kanakonirudisha kwa Bibi yangu, mzaa mama, na siku aliyopanda ndege kwenda Mtwara.

Zamani hizo ndege za kusini zilikuwa za pangaboi, moja kila bawa. Watoto tulizijua kwa mlio kabla hazijaonekana. Ile inayounguruma kama mashine ya kusaga ni ya Mtwara. Ile inayopasua kichwa ni ya Ulaya, na hiyo tuliikimbilia tukipiga kelele ituletee pipi. Haikuleta hata siku moja, nasi hatukukata tamaa.

Mwaka huo masika yalipiga kwelikweli. Rufiji ikafurika, barabara ya kusini ikakatika, na Mamdogo Somoe, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa huko Mtwara na mimba yake ya kwanza, siku zimekaribia. Kwetu binti hajifungui mtoto wa kwanza bila mama yake kuwepo. Nani atampokea mtoto, nani atamkanda mzazi kwa maji ya moto? Mjomba Hamisi, kaka yake Somoe, akaja na tiketi mbili za ndege, yake na ya Bibi. Bibi akazitazama kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Thubutu! Mie sipandi kitu ambacho kikiharibika huwezi kushuka ukasukuma."

"Sawa mama. Somoe atazaa peke yake," Mjomba akajibu.

Jioni Bibi akaniita uani. "Mke mwenzangu," akaanza, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "nitakwenda. Lakini roho yangu itatulia nikiona nyumbani. Utaitandika khanga yangu nyekundu juu ya bati, nawe usimame hapa unipungie. Nisipokuona, namwambia dereva anishushe."

Jamani, mie nililichukua neno hilo lilivyo! Nikaona kabisa: Bibi ananikosa, ndege inageuka, Mamdogo anazaa peke yake, na mkosa ni mimi.

Siku ya safari Bibi alivaa kama anakwenda Idi. Nusu ya mtaa ikajazana kwenye pikapu kumsindikiza uwanja wa ndege, utadhani wanampeleka bwana harusi. Mie nikabaki na khanga. Jirani yetu Mama Pili akanishikia ngazi, tukaitandika na kuikandamiza kwa mawe. Huyu Mama Pili hakuwahi kupitwa na jambo tangu azaliwe, nami nikafanya kosa la kumweleza khanga ile ni ya nini.

"Ala! Kwa hiyo nyie tu ndio mnamuaga? Sie si watu?" Akaingia ndani, akatoka na shuka lake la maua, akalitupa juu ya bati lake. Wa nyumba ya pili akaona, akatandika kitenge. Wa nyuma yake akatandika pazia. Muda si muda bati zote za mtaa wetu, na kutu yake, zimegeuka duka la nguo.

Nikaangua kilio. "Mmemharibia Bibi! Sasa ataijuaje ya kwetu?"

Mama Pili alicheka mpaka akashika ukuta. "We nawe! Ruka juu, atakuona."

Mara nikausikia ule mngurumo wa mashine ya kusaga. Nikaruka, nikapunga, nikaita Bibi! Bibi! Wanawake wakapiga vigelegele, kandambili yangu moja ikachomoka, kama ilivyo kawaida yake, ikatua kwa jirani. Ndege ikapita, ikazama mawinguni. Nikaingoja irudi. Haikurudi. Nilifurahi nikacheka na kamasi zangu, na mguu mmoja matopeni.

Bibi aliwahi, mtoto wa kike akazaliwa mikononi mwake. Baada ya arobaini akarudi kwa ndege ileile, mabega juu. Hata kabla sijamwambia shikamoo nikamuuliza kama aliniona.

"Nisikuone, kwani mie kipofu? Ulikuwa na kandambili moja mguuni. Na huyo Mama Pili, kuanika shuka la kitandani mbele za watu, hana haya?"

Miaka na miaka niliwatambia wenzangu kwamba Bibi yangu ana macho ya mwewe.

Bibi ameshatangulia, Mungu amrehemu. Mwaka jana yule mtoto wa Somoe aliolewa huko Mtwara, nami nikapanda ndege kwa mara ya kwanza. Mwanangu Salma akaniuliza mlangoni, "Mama, utaniona?" Nikamwambia nitamwona. Weee! Mkanda ulipofungwa nilifumba macho, sikuyafumbua hadi tulipotua.

Harusini nikamweleza Mjomba Hamisi, kwa aibu. Mzee akacheka hadi meno yakataka kumtoka. "Umerithi! Mama alijifunika khanga kichwa kizima toka ndege haijaondoka. Hakuona hata bawa. Kaniminya mkono huu, nilidhani umevunjika."

"Sasa kandambili aliijuaje? Na shuka?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akanijibu, 'Hamisi, watu wangu mpaka niwaone ndiyo niwajue?'"

Niliinama nikafuta machozi kwa mtandio, nacheka. Utotoni niliamini mimi ndiye niliyemtia moyo kwa kuonekana. Kumbe alitubeba wote mle ndani ya khanga yake, na Mama Pili na shuka lake.

Niliporudi Kiwalani, Salma alinirukia getini. "Mama, uliniona?"

"Nilikuona. Ulipanda juu ya ndoo, na nilikukataza."

Akatoa macho. "Nani kakwambia?"