Joto Lililotoka Kwenye Mvua

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, ile asubuhi ya masika ambayo mvua yenyewe ilitupatia joto. Kaa kwanza. Ukinisikiliza umesimama utaondoka kabla sijafika kwenye utamu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mpanda ikiishi kwa mgodi na reli. Mimi nilikuwa kijana niliyerudi kutoka Rodesia ya Kaskazini na stashahada ya ufundi wa majokofu. Nalisema hili bila aibu, kwa sababu hakuna aliyenisomesha. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki. Nilivuka ziwa kwa nauli ya kubeba mizigo, nikasukuma matoroli kwenye migodi ya shaba mchana, jioni nikasoma masomo ya posta kwa taa ya kambini. Nilipoingia kwenye mtihani, wengine chumbani walikuwa wamelipiwa ada na baba zao, na wengi wao niliwapita. Niliporudi, mgodi ukanipa kazi ya kutunza chumba cha baridi cha nyama, pamoja na nyumba yenye umeme. Watu wa kijiji jirani cha Mwamkulu walikuwa wakija Jumapili baada ya ibada kutazama balbu yangu ikiwaka.

Kwenye nyumba hiyo ndipo dada yangu Kalunde alipokuja kujifungua. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwao mama yake, na kwa kuwa wazazi hawakuwepo, kwao ilikuwa kwangu. Mtoto alizaliwa njiti, kabla ya siku zake, mdogo hata ukaogopa kumshika. Mkunga alituonyesha namna ya kumlinda: chupa za maji ya moto, zifungwe nguo, zilale kando yake usiku na mchana, na zisipoe kamwe. Kalunde naye alihitaji maji ya kukandwa, yale makali ya mvuke ambayo mzazi hukandwa nayo kwa taulo.

Mvua ikagoma kukatika. Kuni zote zikalowa, hata zile za chini ya dari. Jikoni kulikuwa na moshi mwingi na moto mdogo.

Hapo ndipo alipofika mama mkwe wa Kalunde kutoka Kasansa, ng'ambo ya mto, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, kanga zimelowa hadi kiunoni kwa kuvuka mto. Aligusa chupa moja kando ya mtoto, akaikuta imepoa. Kisha akaniambia, "Baba, nyie mmejitahidi. Lakini nyumba isiyo na maji ya moto si nyumba ya mzazi. Namchukua mkwe wangu na mjukuu wangu, twende nyumbani."

"Mama, mto umejaa."

"Nimeuvuka. Nitauvuka tena."

Kalunde alinitazama kutoka kitandani. Sote tulijua mtoto yule hafiki ng'ambo ya mto akiwa hai.

Sasa nikwambie kilichokuwa barazani kwangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiunda mashine. Mgodi uliitupa friji moja mbovu, nikachukua kompresa yake nikaifufua. Upande mmoja nilizungusha mrija wa shaba ndani ya pipa la maji na kulivika pipa magunia ya sufi lisipoteze joto. Upande wa pili niliacha mrija mwingine nje, wazi kwenye hewa ya baraza. Siku hizi mnaiita pampu ya joto, mnainunua ikiwa imefungwa kwenye boksi. Ya kwangu niliichora mwenyewe. Majirani waliiita jeneza la friji na kuniuliza maziko ni lini. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeijaza gesi na kuifunga vizuri, na asubuhi ile niliiwasha kabla hata mama hajafika.

Nikamwomba aje barazani kabla ya kufunga mizigo.

Mrija wa nje ulikuwa umeota barafu nyeupe. Alisogeza kidole, akakirudisha haraka, akakitazama. Hakuwa amewahi kugusa barafu. Nikamshika mkono nikauweka juu ya bomba linaloingia kwenye pipa, akauvuta tena, safari hii kwa moto.

"Huku baridi, huku moto," alisema taratibu. "Kuni ziko wapi?"

"Hakuna kuni, mama."

"Umefungia nini humo, baba? Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima."

Nikacheka, nikaanza kueleza. Nikamuuliza kama amewahi kushika pampu ya baiskeli mwanawe akijaza upepo, jinsi inavyopata moto. Akakubali. Nikamwambia hewa hii ya mvua, ingawa tunaiona baridi, ina joto ndani yake. Gesi ya kwenye mrija ni baridi kuliko hewa, kwa hiyo inalinyonya joto hilo, kisha kompresa inaibana gesi kama pampu ya baiskeli, joto linazidi na kuingia kwenye maji. Umeme hautengenezi joto lote, unafanya kazi ya kulihamisha tu. Nikaendelea, nikafika kwenye mtihani wangu na alama nilizopata.

"Baba," alinikatiza, "cheti chako kimepata joto?"

"Kimepata, mama."

"Basi chota. Mtoto hasikilizi hotuba."

Nikachota. Maji yalitoka yakitoa mvuke mwembamba, moto wa kutosha kwa chupa na si wa kumuunguza mtoto. Yeye mwenyewe alizijaza, akazifunga nguo, akazipanga. Kwa kukandia moto wake haukutosha, mashine yangu haikufika kwenye mchemko. Akavunja kasha langu la vitabu, kuni pekee kavu nyumbani, akayaweka maji yale yale jikoni. Kwa kuwa yalikuwa yameshapata moto, vipande vichache vilitosha kuyachemsha. Sikuuliza kuhusu kasha.

Jioni mtoto alikuwa na rangi mashavuni, ananyonya. Mama mkwe akakaa barazani akitazama matone yakidondoka kutoka kwenye barafu. "Mvua hii hii iliyolowesha kuni," alisema, akakinga tone moja kiganjani. Nami niliyeiunda mashine kwa mikono yangu nilikaa kando yake. Nilijua hesabu zote, na bado nilishangaa kama yeye. Mizigo haikufungwa. Alibaki kwetu hadi mto ukashuka, na majirani waliosema jeneza walikuja na ndoo.

Mtoto yule, mwanangu, ndiye baba yako.

Kwa hiyo nakuusia. Soma, tena usome hadi watu wachoke kuona vyeti vyako, mimi vyangu nimevitundika. Lakini mtu akikujia na shida, mchotee kwanza, utamweleza baadaye. Chombo chako kikifika nusu ya njia usione haya kukiunganisha na mafiga ya mama. Na usiache kushangaa hata baada ya kuelewa.

Mungu akujalie kupata joto pale wengine wanapoona baridi tupu, na mlango wako usikose mtu mwenye ndoo.