Simu ya Shiru Hufunguka Ijumaa

Mimi natengeneza kompyuta za watu, na kazi hiyo imenifunza kutoamini mambo mengi. Mtu akija akisema mashine yake ina mapepo, nafungua kifuniko, nakuta vumbi na makombo ya mkate. Kwa hiyo Loice aliponivuta pembeni nje ya kanisa, Ijumaa moja ya mwezi wa pili, akaninong'oneza kwamba Shiru anawajibu wateja, nilimwambia akanywe maji. Joto la Doha halijaanza, nikamwambia, na wewe umeshaanza kuweweseka.

Hakucheka. Alinipa simu yake nisome. Muuguzi mmoja aitwaye Ann alikuwa amemtumia picha ya mazungumzo aliyoyafanya na ile namba iliyo kwenye tovuti yao. Ann aliandika kwamba anataka kapu la mama yake, Voi. Jibu likaja: "Sawa mwanangu. Mungu akubariki." Chini yake Ann alikuwa amemwandikia Loice: "Wiki tatu sasa, mamangu hajaona hata kiberiti. Mmekuwa matapeli lini?"

Namba ile ilikuwa ya Shiru. Na Shiru tulimsafirisha nyumbani ndani ya jeneza mwezi wa kumi.

Niwaeleze kidogo Loice ni nani, maana habari hii ni yake. Kwao ni Malava. Ana miaka minane hapa Doha, anamtunza bibi mmoja mzee wa Kiarabu kule Al Thumama: anamlisha, anamgeuza kitandani, anamsikiliza akisimulia mambo yale yale kila asubuhi. Miaka mitano ya kwanza alituma pesa nyumbani za kujenga, na miaka mitano hiyo kaka yake alizila bila hata kununua bati moja. Ndipo akaanza kusema neno lake: pesa ina miguu, unga hauna. Akaacha kutuma pesa. Akawa anamwambia dada yake Edith, aliyeko Nakuru, anunue unga, sukari, mafuta, majani ya chai na sabuni, apakie, ampelekee mama, ampige picha akiwa amelishika kapu.

Wenzake walipoiona ile picha, kila mmoja alitaka mama yake naye apigwe moja. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Kapu la Nyumbani, la Loice na rafiki yake Shiru, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo hotelini. Shida ilikuwa imani. Walinzi na madereva wa kwetu wamelizwa mara nyingi na watu wa "tuma hapa", na walitaka kuona kitu chenye anwani. Wanawake hao wawili wakanijia niwatengenezee tovuti.

Nikawatajia riyali elfu moja na mia mbili. Loice aliniangalia kama mtu aliyetajiwa bei ya debe kwa nyanya moja.

"Trevor," akasema, "sisi tunataka tovuti, si harusi."

Shiru alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi, kwa aibu, nikawapa ushauri wa bure. Lipieni jina tu, mengine kuna mahali mtayapata bila malipo. Chukueni muundo uliokwisha kutengenezwa, msianze kuchora wenyewe. Kurasa tatu zinatosha: nyinyi ni nani, mnauza nini, mtapatikanaje. Picha zipigeni wenyewe, msiibe za watu. Mambo ya kulipia kwa kadi yaacheni, wekeni kitufe cha WhatsApp, mteja abonyeze aongee na mtu. Mpaka hapo nilisema vizuri. Kisha nikaongeza: kila kitu kiwekeni kwenye namba moja na barua pepe moja, msije mkachanganyikiwa. Wakachagua za Shiru, kwa sababu laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na ya Loice ilikuwa kwa jina la mtoto wa mwajiri wake. Mtu mwenye miaka kumi kwenye kazi hii, na sikuuliza swali moja: je, huyu mmoja akiondoka?

Waliijenga kwa Ijumaa saba. Ijumaa hapa ndiyo Jumapili yetu. Tunasali Ijumaa, tunakula Ijumaa, tunapiga simu nyumbani Ijumaa. Baada ya ibada walikuja chumbani kwangu Fereej Bin Mahmoud, wakakaa na kompyuta yangu kuukuu isiyo na herufi ya K, wakabishana juu ya rangi. Shuka ya Loice waliigeuza nyuma, wakaipiga pasi, wakaitundika iwe ukuta wa kupigia picha. Shiru alishika pakiti ya unga kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Kidole gumba chake kinaonekana pembeni mwa picha ya kwanza mpaka leo. Niliwaambia warudie, hawakunisikia, na nilipoiona tovuti imekamilika nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko nyingine nilizolipwa.

Mwezi wa saba likizo ya Shiru ilifika. Alikuwa hajaenda kwao miaka mitatu. Loice akamwambia asubiri: tovuti ndiyo kwanza inasimama, wateja wameanza kuja, twende wote Desemba. Shiru akaahirisha. Mwezi wa kumi, asubuhi ya zamu, hakuamka. Madaktari waliandika moyo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Loice ndiye aliyefungasha begi lake, simu na chaja ndani. Baada ya mazishi kaka yake Shiru alimwambia kwa kifupi kwamba ile simu waliiweka kwenye jeneza, miguuni pake, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyetaka kuisikia ikilia. Loice hakuuliza zaidi. Tangu siku hiyo hakumpigia mama yake Shiru hata mara moja. Pole yake aliipitisha kwa huyo kaka, na Shiru alipotajwa yeye aliinuka akaenda kuosha vyombo.

Tovuti nayo ikabaki na namba ya marehemu. Kuibadilisha kulitaka tarakimu za siri ambazo zingetumwa kwa WhatsApp kwenye simu ile, na simu ile iko ardhini. Nilimwambia Loice asambaze namba yake kwenye magrupu, kile kitufe hakuna atakayekibonyeza. Huo nao ni ushauri wangu.

Sasa nikamwambia kwamba laini imepewa mtu mwingine. Hapa laini isiyotumika huuzwa upya, jambo la kawaida. Loice akanionyesha picha ya wasifu: Shiru, na ile kofia yake ya manjano. Laini mpya haiji na uso wa mtu. Tukatazama mara ya mwisho kuonekana mtandaoni. Ijumaa iliyopita, saa saba mchana. Nikatafuta mazungumzo ya wateja wengine watatu waliolalamika. Majibu yote ni ya Ijumaa, yote baada ya saa saba. Na saa yenyewe ilikuwa saba kasoro dakika nne.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki, ukutani, watu wakitoka na watoto wao na sahani za pilau. Loice aliandika, "Habari." Alama moja ya kijivu. Tukangoja. Saa saba na dakika mbili alama zikawa mbili, kisha zikawa buluu. Halafu pale juu, chini ya jina la Shiru, likatokea neno: anaandika.

Shiru alikuwa akiandika haraka, vidole vyake vilikimbia kuliko mdomo. Huyu aliandika kwa muda mrefu, akakoma, akaanza tena, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Mwisho likaja: "Mzuri mwanangu." Nitasema ukweli, niliogopa. Nilimwambia apige. Ikalia, ikalia mpaka ikakatika. Loice aliilaza simu mapajani, kioo kikiangalia chini, akaifunika kwa kitambaa cha kichwa.

"Ameniita mwanangu," akasema. "Shiru hajawahi kuniita hivyo."

Bado tulikuwa hapo alipotokea Bradley, mlinzi wa lango kule Al Wukair, mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa akimtafuta Loice tangu asubuhi kwa habari ya mama yake.

"Madam, si uniambie nalipia wapi? Kapu la mathe lilifika Jumanne, na hamjaniitisha hata shilingi."

Loice akamwambia hajatuma kapu lolote Magumu, kwao Bradley. Edith hata hakuambiwa.

"Lilifika, mtu asikudanganye. Mathe anasema lililetwa na mwanamke mzee, kwa mguu kutoka steji ya matatu, na kiondo mgongoni. Alikataa hata chai. Alisema tu limetoka kwa Shiru." Akajikuna shingo. "Lakini sukari haikuwa. Kulikuwa na unga, kabichi mbili na viazi vingi sana."

"Viazi hatuna kwenye orodha," Loice akasema polepole.

Nilimwona anavyokunja uso, kisha uso ukamlegea. Kwao Shiru ni Njabini, na kutoka Njabini mpaka Magumu si mbali. Mama yake analima viazi. Kila Krismasi Shiru alitusimulia habari za viazi hivyo mpaka tukachoka.

Bradley alipoondoka nikamwambia ampigie mama. Akakataa. Nikamwambia kuna watu wanne wameambiwa sawa na mama zao wanangoja mlangoni. Ann ameshaanza kusema kwenye magrupu, na jina la utapeli likishashika hapa halitoki kwa sabuni. Kapu la Nyumbani halitamaliza mwezi.

"Trevor, acha nikwambie venye iko. Ataniuliza kwa nini mtoto wake hakuja mwezi wa saba. Tovuti ife, mimi siwezi."

Nilimletea chai. Aliinywa yote, akafuta midomo, akatafuta namba ya mama mwenyewe, ile ya zamani, akabonyeza. Akaweka sauti ya juu, akaishika simu katikati yetu.

"Loice," mama akasema, kabla ya salamu. "Nimekungoja miezi minne."

"Nisamehe, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, mama." Hakuwa amekula.

Ndipo mama akaeleza, bila kuulizwa mara mbili. Usiku wa kuamkia mazishi aliitoa ile simu jenezani, na hakumwambia mtu. Siri ya kuifungua ni mwaka aliomzaa Shiru. Binti wa jirani alimwekea laini ya huko yenye bando na kumwonyesha pa kubonyeza. Kila Ijumaa saa saba, sisi tukitoka kanisani, Shiru alikuwa akimpigia. Saa za Doha na za Njabini ni zile zile. Kwa hiyo kila Ijumaa saa saba aliiwasha, akae nayo tu.

"Nikakuta watu wanamwomba unga," mama akasema. "Wanamwandikia kama yuko. Ningewaambia nini? Huyo wa Magumu niliweza kumfikia. Hao wengine wako mbali, na miguu yangu mnaijua. Nikasema sawa, nikidhani Mungu ataleta mtu. Mkipiga sikushika. Mngesikia si sauti yake."

Loice alikuwa akilia waziwazi, na watu walianza kutugeukia. Alimweleza mama kwamba makapu yataenda, Edith atayapeleka yote, lakini lazima tubadilishe namba. Kuna tarakimu sita zitaingia kwenye simu ya Shiru, amsomee. Mimi nikafungua kompyuta magotini, nikabonyeza. Tukasikia mlio wa simu ile kule Njabini, ule mlio wa Shiru, kengele tatu ndogo. Nilikuwa nimeusahau.

"Nne," mama akasoma. "Moja. Moja tena. Sifuri. Saba." Akaishia hapo. Nyuma yake kuku alikuwa akilia. "Loice, nikisoma hii iliyobaki, hawatamwandikia tena?"

"Hawatamwandikia tena, mama. Wataniandikia mimi."

Kioo kilinionyesha dakika zikipungua. Tarakimu zile hazikai milele. Nikamgusa Loice mkono, naye akaniondoa.

"Mama," akasema, "mwezi wa saba mimi ndiye niliyemwambia asije."

"Najua," mama akasema. "Aliniambia siku hiyo hiyo. Alisema wewe na yeye mnajenga." Akavuta pumzi. "Ni nane."

Niliandika nane. Mlango wa tovuti ukafunguka, nikaitoa namba ya Shiru, nikaweka ya Loice. Kazi yote haikufika dakika mbili. Nilimuuliza Loice kama nikikate kile kidole gumba kwenye picha, akaniambia nikikigusa tutakosana.

Makapu manne yalifika, na la Voi lilikuwa na sukari ya ziada. Ann aliomba radhi kwenye yale yale magrupu. Edith sasa hupita Njabini mwisho wa mwezi na kapu ambalo halikuagizwa na mteja, na hurudi Nakuru na viazi.

Ijumaa tukitoka kanisani Loice hukaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaandika kwenye namba ile ile ya Shiru: "Mama, tumetoka." Mimi hukaa naye nikila, lakini majibu siyasomi. Hajabadilisha jina la namba hiyo kwenye simu yake. Alama zinakuwa buluu saa saba na dakika moja au mbili, na kwa muda mrefu, pale juu, Shiru anaandika.