Ua Lisilonyooshewa Kidole

Utotoni mwangu, kule Kanyakine, kulikuwa na ua ambalo sisi watoto tuliruhusiwa kulionyesha kwa kidevu tu. Cucu, yaani mama yake Baba, alilichimbua msituni barabara ilipokuwa ikikatwa, akalipanda chini ya mti wa muringa, penye kivuli na majani yaliyooza. Kiangazi lilikauka lote, likabaki tunguu lake ardhini, na hakuna aliyethubutu kulimwagilia.

"Limelala," alisema. "Wewe ukilala, nani hukumwagia maji?"

Mvua ya Machi ikikaribia, chipukizi jekundu lilichomoza bila jani hata moja. Cucu aliamini kwamba ndilo huiita mvua. Ukilinyooshea kidole linarudi chini, na mvua inarudi nalo, isipokuwa ukiume kidole hicho papo hapo.

Mwaka mmoja, baada ya msimu mbaya, tulibaki na kibuyu kimoja tu cha mbegu za maharagwe. Kwetu watu hupanda udongo ungali mkavu, ili mvua izikute mbegu chini. Lakini mvua ikikawia sana, jua na panya humaliza zote. Kila asubuhi Mama alikitazama kile kibuyu bila kukigusa. Ndipo chipukizi likatokea, na Cucu akasema tupande.

Baba alirudi kutoka kiwanda cha kahawa, akaja kuona.

"Yaani hiki ndicho kinatupangia shamba?" akauliza, na kidole chake kikanyooka moja kwa moja hadi kwenye chipukizi.

Dada yangu alifumba macho.

"Uma hicho kidole, mzee wa kanisa," Cucu akamwambia, "kabla hakijatuletea njaa."

"Mama, watoto wananiangalia."

"Vizuri. Wajifunze."

Baba akatazama njiani kama kuna mpita njia, kisha akakiuma. Mama alicheka hadi akaketi chini. Kicheko hicho tulikuwa tumekikosa kiangazi kizima. Kesho yake tulipanda sote, tukiwa weupe kwa vumbi.

Mvua ilijivuta kidogo. Kisha ikaja mchana kweupe, tukabaki uani tukilowa makusudi. Ua lilikuwa limefunguka, duara jekundu la nyuzi tele, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Maharagwe yakaota mstari kwa mstari.

Siku hizi ninalo ua la aina hiyo kwangu Ruiri. Nimesoma kwamba tunguu huhisi joto na unyevu wa udongo kabla yetu, nami sina ugomvi na maelezo hayo. Lakini hata Cucu hakuwa na hakika ya mvua. Zamani nilidhani siku ile Baba alishindwa na mama yake. Sasa nina watoto, na naona kwa kukiuma kidole alikuwa amekubali kwamba, kama zile mbegu zingepotea, zingetupotea sote, na asiwepo wa kulaumiwa, si yeye wala Cucu.