Mama Kaari na Maneno Yaliyomponyoka

Mama Kaari anauza mboga hapa Bulla Pesa, kando ya duka la Abdinajib. Jina lake ni Kajuju. Ni Mmeru, lakini alikulia Mombasa, baba yake akifanya kazi bandarini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Sisi wengine wa Isiolo Kiswahili tulikiokota njiani. Mborana alikiokota mnadani, Mturkana barabarani, Msomali dukani. Kila mtu na kipande chake. Yeye alikuwa nacho kizima, na hakutuacha tupumzike.

Ukimwambia, "Mama, nipatie vitunguu kubwa," alikuwa anaondoa mkono kwenye vitunguu.

"Vitunguu vikubwa," anasema.

Usiposema, huuziwi. Watu walikasirika. Wengine walivuka barabara wakanunue kwa mwingine, hata mboga zilizolala, ili tu wasisahihishwe. Akolong, fundi wa viatu, alimwambia siku moja, "Mama Kaari, mimi nataka sukuma, sitaki cheti."

"Sukuma utapata sasa hivi," akamjibu. "Cheti utangoja sana."

Ukuta wa Abdinajib ulikuwa umeandikwa HALUHUSIWI KUKOJOA HAPA. Mama Kaari alimsumbua kwa hilo kila alipofungua duka.

"Abdinajib, ni hairuhusiwi. Hairuhusiwi!"

"Wanaosoma wanaelewa, mama."

"Wanaelewa na bado wanakojoa."

"Basi shida si herufi."

Mwishowe alileta rangi akafuta na kuandika mwenyewe. Walevi waliendelea kukojoa, lakini yeye alipita pale akiwa ametulia.

Mimi alinipata kwa mbuzi. Nikisema mbuzi yangu, yeye anasema mbuzi wangu. Nilimwambia mbuzi mwenyewe hajali, nikipiga mluzi anakuja. Alinitazama vibaya mpaka nikasema mbuzi wangu. Hata leo nikiandika, namsikia.

Mke wangu Hawo ndiye aliyekuwa rafiki yake. Hawo alikuja kutoka Garbatulla akiwa na Kiswahili cha kujaza kiganja. Akaweka mitungi yake ya maziwa ya ngamia kando ya meza ya Mama Kaari, na hapo akasahihishwa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Alikuwa anacheka, anarudia, anakosea tena, anacheka tena. Jioni ananiambia kwa Kiborana, "Yule mwanamke leo amenichosha." Kesho yake anaondoka mapema ili amkute. Sijui walikuwa wakiongea nini miaka yote hiyo. Wanawake wawili na lugha moja na nusu.

Hawo alifariki mwaka jana kabla ya mvua. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Mama Kaari alikuja akakaa na wanawake nyumbani kwangu, akalia kwa Kimeru. Siku hiyo hakumsahihisha mtu.

Mvua ilipoisha, yeye naye akaanguka mezani pake. Kiharusi. Hospitali walimrudishia mguu, na mkono karibu wote. Maneno hayakurudi vile. Akitaka kikombe, mdomo unasema kiatu. Akitaka kusema chai imepoa, inatoka chai kimepoa, au chai peke yake, au kitu ambacho si chai kabisa. Na ubaya wenyewe, sikio lake lilibaki zima. Kila kosa alilotuchapia sisi lilikuwa sasa linatoka kwake, na wa kwanza kulisikia ni yeye.

Akafunga mdomo. Hata kwa Kaari, binti yake, akawa anajibu kwa kichwa tu.

Kaari ana kazi mjini Maua, na watoto wake wako huko. Aliomba ruhusa akaja kumtunza mama yake, na ruhusa ikawa inaelekea kwisha. Siku moja alinikuta mlangoni pangu.

"Mzee Molu," akasema, "mimi siwezi kukaa Isiolo. Mtu asiyeongea atauza aje? Nitampeleka Maua. Meza atachukua Kiende, kuna mama anaitwa Kiende anatafuta mahali."

"Yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ndiyo shida."

"Basi hajasema ndiyo."

"Hata hapana hajasema, Mzee. Aniambie hapana kwa mdomo wake, nitamwacha. Lakini nimwache hapa kama bubu? Watu watanisema."

Nilimwelewa. Mtoto hawezi kukisia maisha ya mama yake. Lakini mimi nilijua kule Maua Mama Kaari atakaa kwenye kiti cha mtu, nyuma ya nyumba ya mtu, akitazama migomba mpaka afe. Amesimama nyuma ya meza ile tangu Kaari akiwa mgongoni.

Nikaanza kwenda kwa Mama Kaari asubuhi kila siku. Nilikaa kwenye benchi nje, yeye ndani kwenye kiti, mlango wazi, Kaari akichemsha chai. Sikumwuliza kitu. Waliokuja kumwona waliongea kama redio, wakimjazia nafasi. Mimi nilinyamaza naye. Nyumbani kwangu pia kuna kimya, lakini kimya cha watu wawili ni afadhali.

Akolong na wenzake wakafikiria hila. Walikuja wakapanga foleni mlangoni kama wateja.

"Mama, leo nataka nyanya mzuri!"

"Mama, viatu yangu imeharibika!"

"Tafadhari mama, tafadhari!"

Walitaka akasirike, awasahihishe, ulimi ufunguke. Nia yao ilikuwa nzuri. Mama Kaari aliwatazama mmoja mmoja. Akafungua mdomo. Nikaona neno analijua, analiona pale, na haliji. Akageuka akatazama ukuta. Mabega yakawa yanatikisika.

Nikasimama. "Tokeni."

"Mzee, si tunamsaidia?"

"Mtu yuko kisimani, nyinyi mnacheza na kamba juu. Tokeni!"

Walitoka. Akolong alirudi baadaye kuomba msamaha, na Mama Kaari hakugeuka.

Baada ya hapo Kaari aliacha kubembeleza. Akafunga nguo za mama yake kwenye mfuko mkubwa, akaniambia Kiende anakuja kesho kuona meza. Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mama Kaari alisikia.

Nilikaa kwenye benchi langu. Chai ikaja, sikuinywa.

"Mama Kaari," nikasema. "Wewe unataka kwenda Maua?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Basi mwambie Kaari."

Akaugusa mdomo wake kwa kidole, kisha akapeperusha mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Alitaka kusema huu umekwisha.

Hasira ikanipanda. Haikuwa hasira ya kwake peke yake, ilikuwa ya mwaka mzima.

"Hawo alikosea mbele yako tangu nywele zake zikiwa nyeusi," nikasema. "Mbele ya wateja. Watu wakacheka. Kesho yake akarudi. Mpaka anaingia kaburini alikuwa anakosea, na hakufa kwa hilo. Kwani wewe makosa ni ya watu wengine tu?"

Kaari akatoka jikoni. "Mzee, pole pole jameni. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa anasikia."

Mama Kaari alinikazia macho. Yale macho ya zamani, ya mezani. Mdomo ukahangaika.

"Wewe," akasema. "Wewe... sufuria."

Nikangoja.

"Sufuria mbaya!"

Nilijua nimetukanwa. "Ndiyo mimi," nikasema.

Kaari akafunika mdomo kwa mkono. Sijui alikuwa analia au anacheka. Mama Kaari mwenyewe alikuwa amesikia alichosema, na nikaona uso unaanza kukunjamana, aibu inakuja. Nikawahi. "Endelea. Bado hujamaliza kunitukana."

Akamaliza. Alinitukana vyombo vyote vya jikoni, mpaka mwiko. Nilikunywa chai yangu imepoa.

Asubuhi alikataa kubaki nyumbani. Alishika fimbo, akatembea mwenyewe mpaka mezani, Kaari upande mmoja na mimi nyuma. Kiende alikuwa ameshafika. Ni mwanamke mpole, alikuwa amesimama mbali kidogo na meza, kama mgeni.

"Habari zenu," akasema. "Pole na ugonjwa, mama. Nitaitunza meza vizuri."

Mama Kaari akaweka mikono yote miwili juu ya mbao.

"Hapana," akasema. Hilo lilitoka zima. Watu wakasimama. Abdinajib akatoka dukani na Akolong akaacha kiatu cha mtu. "Meza hii... wa yangu. Mimi... mimi haendi."

Abdinajib akapiga makofi. "Wallahi leo nimeishi! Mama Kaari, mimi haendi? Rudia vizuri ndiyo tukuelewe!"

Nilimtazama vibaya. Hakunijali. "Siendi, mama. Sema siendi."

"Mimi anaenda."

"La! Hiyo mbaya zaidi. Sasa umekubali safari!"

Watu wakacheka. Kila mmoja pale aliwahi kurudishwa na mwanamke huyu kwa kitunguu au kwa nyanya, na cheko lao lilikuwa limengoja siku nyingi. Kaari akamshika mkono. "Mama, wacha nikusemee."

Mama Kaari akapiga meza. Kaari akauachia ule mkono.

Akaanza upya. Jasho lilikuwa linamtoka. Alijaribu, likaja lingine. Akajaribu tena, likaja lingine tena, na yote aliyasikia, na yote aliyajua kuwa si yenyewe. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Yeye hakuinama. Mwishowe akayaacha maneno yenye miguu na mikono, akachukua yale yaliyobaki.

"Kaa," akasema. "Mimi kaa. Hapa. Mimi uza."

Hapo hakucheka mtu. Abdinajib aliteremsha macho, akawa anachokoa meno bila kijiti.

"Unataka kukaa, mama?" Kaari akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaa!"

Kiende akaokota mkoba wake. "Mimi nimeelewa," akasema. "Mama amesema. Nitatafuta kwingine." Akampa Mama Kaari mkono, akaondoka kuelekea stendi.

Kaari alirudi Maua peke yake. Siku hizi anakuja mwisho wa wiki na kupiga simu jioni, na mama yake anamjibu anavyoweza. Wakati mwingine simu inakuwa ndefu kwa sababu ya neno moja.

Meza imefunguliwa. Si kama zamani. Wateja wengine hawana subira, wamekwenda kwa mwingine. Waliobaki wanaonyesha kwa kidole, anapima, anataja bei kwa vidole. Yeye hataki vidole vyao viwe ndiyo mwisho. Asubuhi kabla ya watu kuja anashika kitu kimoja kimoja na kukitaja kwa sauti. Kabichi ilikuwa inaitwa kofia. Nyanya ilikuwa inaitwa jumapili. Akikosea anaweka chini, anaanza tena mwanzo wa meza. Wanaopita wanageuka kutazama. Anawaacha watazame.

Abdinajib anamsahihisha kutoka dukani kwa sauti ya mnada. Nilitaka kumkataza, Mama Kaari akanionyesha mkono, nimwache. Amegundua kuwa yule hamwonei huruma, na huruma ndiyo iliyokuwa inamfunga mdomo. Akolong naye akipita anataja jina la kitu anachotaka mara mbili, taratibu, na Mama Kaari analifuata kwa midomo. Hawaiti hilo kusaidiana.

Mimi nakaa upande ule wa mitungi ya Hawo. Mitungi haipo, nimeweka kigoda. Sina kazi pale. Nafukuza mbuzi wasile sukuma.

Kabichi ameipata. Aliisema Jumatatu, akaisema tena na tena mpaka mwenye boda boda aliyekuwa amepumzika hapo akasema, "Mama, tumesikia, ni kabichi." Aliisema mara nyingine. Bado hoho, bado dania, bado majina ya watu wengi. Mimi bado ni sufuria.

Jina la Hawo bado hajalipata. Anageukia kigoda hiki, anafungua mdomo, analitafuta, na mimi najua analotafuta. Ningeweza kumtajia. Simtajii. Amenikataza kwa macho, anataka alifikie mwenyewe. Kwa hivyo kesho nitakuja tena mapema, nikae, ningoje.