Nilimfuata Mchumba Wangu Dodoma, Nikamharibia Mbele ya Wenzake

Msinihurumie jamani. Nilichokifanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa nimelewa, wala sikurogwa. Ni wivu tu. Wivu wangu mwenyewe!

Mimi ni kijana wa Segese. Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, gramu hapa, nusu gramu pale, naenda kuuza Kahama. Nilikuwa na mchumba. Nimwite Kabula, ingawa siyo jina lake. Ng'ombe wa mahari walishafika kwa baba yake, kijiji kimoja jirani na Isaka. Tulingoja amalize chuo tu, tufunge ndoa.

Baada ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Kabula akapata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye ofisi za Bunge, Dodoma. Furaha niliyokuwa nayo! Nilizunguka machimbo yote natangaza, mke wangu yuko Bungeni. Wenzangu wakaanza kuniita Mheshimiwa, na mimi naitika!

Kila Jumamosi nilikwenda Kahama kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na simu. Ananipa kiti kando ya magunia ya sukari, nangoja Kabula apige. Mwanzoni alikuwa analia. Hajui mtu, hajui aingilie mlango gani, kila anayepishana naye ni mkubwa. Mimi nambembeleza. Na niseme ukweli, kile kilio nilikipenda. Nilijiona ndiye mtu wake pekee duniani.

Halafu Jumamosi moja akapiga anacheka.

"Tumepata mama mmoja anaitwa Mama Neema," akaniambia. "Ni mpiga chapa pale ofisini. Jumapili sisi wa mafunzo wote tunakusanyika kwake. Tunapika, tunaelekezana kazi, na anatukutanisha na watu wanaoweza kutusaidia baadaye."

"Sisi nani?"

"Mimi, Rehema, Fidelis, na wengine."

Fidelis! Masikio yangu yalishika hilo jina moja, mengine yote yakapita.

Toka siku hiyo kila simu ilikuwa Fidelis. Fidelis kanionyesha maktaba. Fidelis kanifundisha kuandika muhtasari wa kikao. Siku moja akaniambia viatu vyake vimekatika, na pale huwezi kuingia na kandambili. Nikaruka, "Nakutumia hela leo hii hii!"

"Usihangaike," akasema. "Rehema kaniazima vyake, na wenzangu wamechanga nikanunue vingine."

Wenzake! Ndugu zangu, lile neno liliniuma kuliko ngumi. Niliweka simu chini, yule mzee akaniuliza kama kuna msiba.

Usingizi ukakata. Nikipima dhahabu nakosea hesabu. Nilimchora huyo Fidelis kichwani, mrefu, suti, saa ya kung'aa, Kiswahili kinateleza. Mimi natoka vumbi kwenye nywele hadi nyusi! Dada yangu aliniona nimekonda, akasema, "Kama una wasiwasi muulize mwenyewe. Usimvizie mtu kama mwizi."

Sikumsikia. Nikapanda treni Isaka bila kumwambia Kabula. Njia nzima sikula. Tabora watu wanashuka kununua asali, mimi nimekaa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanaume.

Nilifika Dodoma Jumapili. Nikauliza njia mpaka kwa Mama Neema. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya pilau imetoka mpaka barabarani. Sikupiga hodi.

Ndani walikuwepo vijana kama kumi, wamevaa nguo zao nzuri. Kwenye kochi alikaa mzee mmoja wa makamo, sahani ya pilau iko mbele yake. Katikati ya chumba amesimama Kabula, na kijana mmoja mfupi, mwembamba, shati limefuliwa mpaka limepauka, kamwekea mkono begani.

Kijana akamwambia, "Usitetemeke. Fanya kama tulivyofanya jana."

Kama tulivyofanya jana!

Mungu anisamehe. Niliingia kama fahali. "Mlifanya nini jana? Sema! Mlifanya nini na mke wangu?" Nikamkaba yule kijana shingo, nikamsukuma, akaangukia meza. Pilau yote ikamwagikia suruali ya yule mzee. Msichana mmoja, kumbe ndiye Rehema, akapiga kelele, "Fidelis!" Mimi naendelea kutukana, namwita Kabula majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nimeshamlipia ng'ombe, ni mali yangu.

Yule mzee akasimama, akajipangusa taratibu. Akamwambia Mama Neema, "Nashukuru kwa chakula, mama. Naona leo siyo siku yake." Akatoka.

Kumbe alikuwa afisa mkubwa pale ofisini! Mama Neema alimbembeleza muda mrefu aje awasikilize wale vijana, kila mmoja ajieleze, ili nafasi zikitokea awakumbuke. Kabula ndiye alipangwa kusema wa kwanza.

Nikabaki nimesimama katikati ya punje za pilau. Kabula hakulia.

"Jana tulifanya mazoezi ya kuongea," akasema. "Mbele ya wakubwa naogopa, sauti inakatika. Hawa wote walikuja kunisikiliza mpaka nikaweza. Wewe umewahi kuniuliza naogopa nini?"

Nilijua anaogopa, nilimsikia akilia kwenye simu. Sikutaka aache kulia.

"Basi turudi nyumbani tuyamalize," nikasema.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi kesho nina kazi."

Mama Neema akanitoa nje kwa adabu, akanipa na maji ya kunywa. Hiyo adabu ndiyo iliyonimaliza. Akaniambia, "Baba, siwezi tena kukusanya watoto wa watu hapa, wakiumizwa nitawajibu nini wazazi wao? Umewafungia mlango wote, siyo mmoja."

Nilirudi Segese najifariji kwamba hasira zake zitapoa. Wiki ya pili asubuhi nikasikia kengele za ng'ombe nje. Baba yake Kabula! Kawaswaga mwenyewe toka Isaka, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo baba," nikapiga magoti.

"Marahaba. Wahesabu."

"Baba, nisamehe, nilipotezwa na..."

"Yaya, kijana," akakataa kwa Kisukuma. "Mwanangu ameniambia ulimwita mali. Mali yako hiyo hapo."

Walitimia wote, pamoja na ndama mmoja aliyezaliwa kule kwake. Hakutaka kubaki hata na huyo. Majirani wote wametoka nje wanatazama.

Sasa ni mwaka wa pili. Kabula hakuolewa na Fidelis, wala hakuwa na lolote naye. Nasikia Rehema alipoajiriwa alimvuta, wanafanya kazi ofisi moja. Nasikia Fidelis naye walimtafutia kazi huko huko. Bado wanasaidiana! Na mimi, mnicheke tu, nikisikia hivyo bado moyo unawaka. Sina haki yoyote kwake, lakini unawaka.

Ndiyo maana nawaandikia. Ndugu yangu mwenye mchumba masomoni au kazini mbali, akikuambia amepata watu, furahi, hata kama ni kwa kujilazimisha. Ukiona unapenda simu zake akiwa analia kuliko akiwa anacheka, jikamate mapema. Ukitaka kumfuata, mfuate. Lakini piga hodi, salimia, kaa kwenye kiti utakachopewa, umsikilize akiongea. Mimi sauti yake mbele ya wakubwa sikuisikia, na sitaisikia tena.