Goti Nililopiga Ndani ya Mtumbwi

Jamani, nimechoka. Kila nikipita stendi ya Katoro kuna bodaboda ananiita, "Mama Kulwa, kaa chini!" halafu wenzake wanacheka mpaka wanalalia pikipiki, na asiyejua akiuliza kuna nini, anayejua anatoa simu. Kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, yote na aibu yake, ili nisiulizwe tena. Ndiyo, yule mwanamke kwenye video ni mimi. Ndiyo, ile suruali ni ya mume wangu. Na wale ng'ombe ni wa baba mkwe.

Mnajua mimi nina mgahawa pale Katoro (mgahawa jina, siku hizi jiko linawaka kwa huruma ya Mungu tu). Wachimbaji waliokuwa wakila kwangu walisikia kuna rashi mpya ya dhahabu huko mbele, wakahama wote kama nzige, mimi nikabaki na masufuria ya kulishia harusi na wateja wawili wa chai kavu. Nilikuwa nakaa mlangoni napunga nzi mpaka mkono unauma. Ndipo akaja Baraka. Baraka ni mwongoza wageni, mtu mzima, kwao Kigoma, kazi yake kuwapeleka watalii Mto Malagarasi kwa mitumbwi, mchana wanapiga kasia, jioni wanafunga hema ukingoni, wanalala, kesho yake wanaendelea hivyo hivyo siku kadhaa (msiniulize raha yake ni nini). Alikuwa amekuja Katoro kununua mahitaji, mpishi wake amemkimbia, akala wali wangu na samaki, akaongeza, akaongeza tena, akaniuliza, "Mama, porini kwa kuni unaweza kupika?" Nikamwambia baba, mimi hilo jiko la gesi ndilo nililojifunzia ukubwani. Akasema haya, safari hii tunajaribiana, ukifaa, msimu mzima ni wako.

Msimu mzima! Usiku ule sikulala, nilikuwa napika kichwani.

Maandalizi yakanimaliza. Kumbe kupika mtoni si kupika tu, kila kitu kinaingia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, unga peke yake, mchele peke yake, maharage, dagaa, viungo, na mimi nikaongeza na michembe yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa, maana Msukuma kusafiri bila michembe ni kama kusafiri bila kuaga. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Halafu Baraka akaniangalia kuanzia juu mpaka chini akasema, "Mama Kulwa, hicho kitenge hapana. Kikilowa kinakufunga miguu. Tafuta suruali."

Suruali mimi nitaitoa wapi? Nikachukua ya Baba Kulwa, ile anayovaa akienda kwenye karasha kule Rwamgasa kusaga mawe, ina kiraka nyuma cha rangi nyingine kabisa, na kiunoni ingetosha watu wawili. Nikaikaza kwa kamba ya katani, juu yake nikajifunga kitenge changu, nikaonekana mtu wa heshima tu aliyenenepa ghafla.

Sasa siku moja kabla wageni hawajafika, Baraka akasema twende kwenye maji tufanye mazoezi na ule mtumbwi wake mwekundu aliokuja nao, tupakie mzigo wote tuone mtumbwi unakaaje. Maji yenyewe ni lambo la kunyweshea mifugo, nje kidogo ya mji, upande wanakokaa wakwe zangu. Nilijua hilo. Lakini nilijua pia kwamba ng'ombe huletwa jua likiwa kichwani, na sisi tulikwenda asubuhi, walikuwepo akina mama wachache wanafua na bodaboda aliyetuletea mapipa. Nikajiambia, nani ataniona? Nikafungua kitenge, nikakikunja, nikakikalia kama mto. Hapo ndipo nilipokosea, basi, ni hapo tu.

Baraka akanivika jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, akanikalisha mbele, yeye akakaa nyuma, mapipa katikati. Akaniambia neno moja, na alilirudia: "Mama, ukishakaa umekaa. Hata uone nini, usisimame." Nikamwitikia vizuri. Tukaenda. Na niwaambie ukweli, nilikuwa naweza! Kasia linaingia, linatoka, maji yanateleza, Baraka anasema "Safi sana, mama," na mimi tayari najiona Malagarasi nawapakulia wageni maharage.

Mara nikasikia kengele za ng'ombe.

Kumbe bwawa lao la kule juu lilikuwa limekauka wiki ile, siku hizo wanawaleta asubuhi. Vumbi likatua, na mbele ya ng'ombe, fimbo mabegani, kofia yake ile ile, baba mkwe. Hatua chache tu kutoka nilipo. Macho yetu yakakutana.

Wenzangu wa Usukumani mmeshaelewa. Ninyi wengine niwaeleze: kwetu mkamwana hamsalimii baba mkwe akiwa wima, anapiga goti, sembuse akiwa amekaa kwenye kitu chekundu, miguu imetawanyika, ndani ya suruali ya mtoto wake! Mimi sikuwaza. Ningewaza ningekaa. Mwili wenyewe ulinyanyuka, mkono mmoja ukavuta kitenge nijifunge, mdomo ukaanza salamu ya asubuhi "Mwangaluka, ba..." na magoti yakaanza kushuka, nikasikia Baraka anapiga kelele "Mama, kaa!" na hiyo "ba" nikaimalizia chini ya maji.

Nikalia kwamba nakufa. Nilipiga mikono, nikamwita mama yangu, "Mayu wane, mayu wane!" mpaka Baraka akanishika bega akaniambia kwa upole, "Mama, simama." Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni. Na nilipoinuka suruali haikuinuka nami, kamba ilishakatika, ikabidi nirudi chini haraka nikae kwenye tope niishikilie, akina mama huku wanacheka wanapigapiga nguo za watu kwenye maji, na yule bodaboda simu iko juu. Halafu pipa la michembe, ambalo nilikuwa nimelifungua dakika ya mwisho nitie chumvi na sikulikaza, likafunguka, michembe ikaelea lambo zima, na ng'ombe wa baba mkwe hawakuhitaji kukaribishwa. Wakaingia. Walikula chakula cha watalii mbele ya macho yangu, taratibu, wakinitazama.

Na baba mkwe? Mzee wa watu alikuwa ameshageuka, ametupa mgongo, anatazama vichaka, ili asinione nilivyo. Alisimama hivyo hivyo muda wote.

Baraka akaukung'uta mtumbwi, akakusanya yaliyosalia, nikajifunga ile suruali kwa kitenge. Nilijua kibarua kimekwisha. Lakini yule bwana ana moyo. Akasema, "Mama, kila mtu huanguka mara ya kwanza. Panda. Tukifika ng'ambo ile hujanyanyuka, kesho tunaondoka wote." Nikapanda. Nikakaa. Ndipo baba mkwe, bado kageuka, akaanza kusema na ng'ombe wake (ndivyo anavyofanya akiwa na neno la kuniambia na hawezi kuniambia):

"Ninyi ng'ombe," akasema kwa sauti, "mtu aliye kazini akinisalimia amekaa, mimi sina neno naye. Na huyu mkamwana wangu ni mchapakazi. Mwacheni afanye kazi yake."

"Umesikia?" Baraka akanong'ona nyuma yangu. "Mzee karuhusu. Kaa hivyo hivyo."

Nilisikia. Tatizo ni kwamba nilisikia vizuri mno. Miaka yote niliyoolewa pale, nimebeba maji, nimepika misibani, nimezaa mapacha, sijawahi kusikia yule mzee akinisifu mbele za watu, hata nusu neno. Machozi yakanitoka hapo hapo juu ya kasia. Sasa niambieni ninyi, mtu amekupa neno kama hilo, unamshukuruje ukiwa umekaa?

Nikasema, "Wabeja, baba!" yaani asante, na kabla neno halijaisha goti lilikuwa limeshapigwa.

Baraka aliibuka na jani la yungiyungi kichwani. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinisogelea, akaanza kufungua vifungo vya lile jaketi langu kimoja kimoja, akalivua, akalitundika begani kwake. "Mama Kulwa," akasema, "wali kama wako sijala. Lakini kule kuna viboko."

Wakaondoka na mpishi mwingine, mwanamume wa Masumbwe, na nasikia wageni wamelalamikia chumvi safari nzima, na bado msimu ni wake. Mimi nimerudi mlangoni kwangu kupunga nzi. Baba Kulwa aliiona video huko huko Rwamgasa kabla hata suruali yake haijakauka, alichoniuliza ni kiraka kimepona au vipi. Juzi baba mkwe akapita na dumu la maziwa, akaliweka mezani, akakaa, akala ugali wake mpaka akamaliza. Nilipiga goti kwenye saruji kumshukuru. Sakafu haikutikisika hata kidogo, naye akaitikia vizuri tu, lakini nilikaa pale chini zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Kwa hiyo mtumbwi sipandi tena, nimeapa, hata aje Baraka mwenyewe kuniomba. Maji siyaogopi. Nayaogopa magoti yangu.